Mkanda Usio na Gari

Harufu ya spiriti huwarudisha watu wengi hospitalini. Mimi hunirudisha kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Tunduma, ambako kila asubuhi mama alifungua deki ya video, akachovya pamba kwenye kichupa na kusafisha kile kichwa cha chuma kinachosoma mkanda. Baada ya spiriti ilifuata harufu ya plastiki inayopata joto, deki ilipowashwa na mkanda wa kwanza wa siku kujaribiwa. Nje ya dirisha malori yalijipanga foleni kutoka mpakani kuelekea kijiji cha Mpemba, yakisubiri karatasi za forodha, na moja lilipoachia breki zake za upepo vikombe vilitetema kabatini. Ilikuwa miaka ya tisini, simu za mkononi hazijafika kwetu. Msimu ninaoukumbuka ni wa kipupwe, ule wakati wa Juni na Julai ambapo upepo wa Tunduma huwa mkavu, midomo hupasuka, na vumbi huingia hata ndani ya chumvi. Nilikuwa msichana wa darasa la tano, na kwa kipindi hicho chote tumbo liliniuma kila asubuhi bila ugonjwa wowote.

Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa. Alipeleka mizigo Zambia na kurudi na mizigo mingine, na ile deki aliinunua Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, kwa sababu mama alilalamika kwamba nyumba inakuwa kimya mno akiwa safarini. Mama alikuwa Mndali wa Ibaba, mlimani, amekulia mahali ambapo redio yenyewe ilikuwa ya mtu mmoja, lakini alipoizoea video aliipenda kuliko sisi wote. Majirani wakaanza kuja kuazima mikanda, halafu wakaja madereva waliokwama foleni, halafu wauguzi na makarani wa forodha, mpaka baba akapigilia rafu ukutani na chumba kikawa duka la kukodisha. Hakikuwekwa kibao. Watu walisema wanakwenda kwa Mama Neema, na Neema ni mimi.

Mteja akiingia, mama hakumwuliza anataka mkanda gani. Alimwuliza ametoka wapi, amekula nini, na ataangalia na nani. Maswali hayo aliyauliza huku akipangusa makasha, kama anayepiga soga, halafu mkono wake ulipanda kwenye rafu na kushuka na mkanda ambao mtu hakuuomba. Nakumbuka mama mmoja wa Nakonde aliyeingia na salamu yake ya Kibemba ya uchangamfu, "mulishani mukwai", akataka mkanda wa mapigano kwa sababu ndio uliokuwa ukichukuliwa na vijana. Mama alimtazama macho, yalikuwa yamevimba. Akampa wa Kihindi. "Huu una kilio katikati," alimwambia, "lakini usiuzimie hapo. Vumilia mpaka waimbe mara ya mwisho." Yule mama aliurudisha na bakuli la karanga mbichi, na tangu siku hiyo alivuka mpaka kuja kwetu tu, ingawa Nakonde nako kulikuwa na mikanda. Karani aliyegombezwa na bosi wake alipewa filamu ya mtu mnyonge anayewapiga wakubwa. Maharusi wapya walipewa ya kutisha, ili wapate sababu ya kushikana. Mimi nilikuwa nikikaa kwenye kigoda nyuma ya meza, nikirudisha mikanda nyuma, na mama alinifundisha bila kujua kwamba ananifundisha. "Mwenye hasira mpe ngumi," aliwahi kuniambia. "Mwenye huzuni usimpe vichekesho, ataona unamcheka."

Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi Baba Rehema, dereva mwenzake baba, mtu wa Tanga aliyehamia Tunduma kwa ajili ya kazi na kuoa huko huko kwao. Alikuwa mnene, mpole, na sikuwahi kumwona bila kofia yake ya kufuma. Mpole hivyo hivyo, kwenye video alitaka damu. Kila aliporudi safari alioga, akaswali, akala, kisha akaja kusimama mlangoni na kusema yale yale. "Shemeji, nipe ngumi. Mapenzi mwekee Mama Rehema." Na mama alikuwa amemwekea ngumi tayari chini ya meza.

Mwaka huo baba aliondoka wakati mahindi yanavunwa, akasema atakuwa amerudi kabla shule hazijafungwa. Shule zikafungwa. Kuchelewa kulikuwa jambo la kawaida katika kazi ile: gari linaharibika, mzigo unakosekana, mpaka unafungwa. Lakini nilianza kuona vitu. Aliweka sahani ya baba mezani kisha akairudisha kabatini. Alisafisha deki asubuhi, akaisafisha tena mchana. Dereva yeyote aliyeingia dukani akitokea upande wa Zambia alihudumiwa mama akiwa amesimama, na kabla ya maswali ya chakula aliulizwa kama ameliona gari la baba, la kichwa cha kijani. Wengine walisema wamelipita Kapiri, wengine walisema hawajaliona kabisa. Mama aliwashukuru wote kwa sauti ile ile. Mdogo wangu Elia, ambaye alikuwa hajaanza shule, alikaa kizingitini akiyatazama magari, na kila kichwa cha kijani kilipotokea alisimama, halafu akakaa.

Hapo ndipo mama alipoanza kukosea. Muuguzi mmoja aliyefiwa na mgonjwa wake alipewa vichekesho. Bwana mmoja mlokole alipewa mkanda wenye wacheza dansi waliovaa nusu, akaurudisha umefungwa kwenye gazeti. Watu walicheka, wakasema Mama Neema amechoka. Mimi sikucheka. Nilimwona akisimama mbele ya rafu, mkono umeinuliwa, asijue uende wapi, nikajua kwamba anachokiona mbele yake si mikanda. Usiku nililala nikisikiliza injini barabarani, nikijaribu kuitambua moja.

Baba Rehema alirudi siku yenye upepo mkali, mchana. Nilimwona kupitia dirishani akiegesha lori, nikashangaa kwamba hakwenda kwake. Alikuja moja kwa moja kwetu, na vumbi la safari usoni, ile kofia yake ameishika mkononi. Nikamwamkia. Aliitikia "marahaba mwanangu" bila kunitazama. Alisimama mbele ya rafu kwa muda, akisoma migongo ya makasha kama mgeni.

"Shemeji," alisema, "nipe kitu cha kuchekesha. Cha kuangalia wote. Na nyie mje, wewe na watoto, Mama Rehema atapika."

Mama alichukua mkanda wa vichekesho, akauweka mezani, lakini hakuuachia. Mkono wake ulibaki juu ya kasha.

"Tangu lini unapenda kucheka, shemeji?"

"Uchovu tu wa safari."

"Umekula?"

"Bado."

"Umefika kwako?"

Akaigeuza ile kofia mkononi. Kule nje lori fulani liliachia breki, na vikombe vikatetema. Mama akasema polepole, "Umemwona wapi?"

"Mbele ya Mpika," alisema Baba Rehema.

"Yu hai?"

"Yu hai, shemeji. Wallahi yu hai." Ndipo akakaa kwenye kiti cha wateja na kufunika uso kwa ile kofia.

Alituambia mambo yote pale pale, na mama hakututoa nje, mimi na Elia. Baba alikuwa akishuka kilima asubuhi yenye ukungu. Mtu mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli ya mkaa, magunia yamepangwa juu mpaka yamempita kichwa, aliteleza ukingoni mwa lami na kuangukia mbele ya gari. Baba alikata usukani, gari likaingia korongoni, lakini yule mtu alikuwa ameshagongwa. Alifariki hapo hapo. Baba alivunjika bega na mbavu, akapelekwa hospitali, na kutoka hospitali akapelekwa mahabusu kusubiri kesi. Baba Rehema alikuwa amekatazwa kumwona zaidi ya dakika chache. Baba alimwomba asimwambie mama kwa ghafla, amtafutie namna. Namna aliyoiona njia nzima kutoka Mpika ni kutualika tukacheke kwanza, tule, halafu aseme.

Mama aliondoka wiki hiyo hiyo. Alipata hati ya muda ya kuvukia, akafunga vitenge viwili na blanketi, akapanda lori la mtu wanayefahamiana. Mjomba alituma ujumbe kwamba tupelekwe Ibaba kwa bibi mpaka mambo yaeleweke, na mama akakataa. Alisema akirudi anataka atukute tulipo. Tukaachwa mikononi mwa Mama Rehema, ambaye alihamia kwetu na binti yake mchanga, na mama akaagiza duka lisifungwe, kwa sababu habari za barabarani zote hupita dukani. Kabla ya kupanda gari mama aliniinamia akanifunga vizuri kitambaa cha kichwa. Nilidhani ataniambia nisali, au nimwangalie Elia. "Usimpe mtu mkanda kabla hujamtazama usoni," alisema, akaondoka.

Mama Rehema alikuwa na moyo mkubwa, ila filamu hakuzijua. Alimpa kila mteja mkanda uliokuwa karibu na mkono, akimwambia, "Chukua huu, mzuri, una picha safi." Walianza kurudi wakinung'unika, na mimi, kwa kuogopa kwamba wakiacha kuja hatutapata habari tena, nikatoka kwenye kigoda na kusimama mezani. Wakubwa walinitazama kwa kuchekelea nilipowauliza wametoka wapi na wamekula nini. Lakini walijibu. Nadhani ni mpakani tu ambapo mtoto anaweza kumwuliza mtu mzima maswali hayo na akajibiwa, maana waliokwama kwenye foleni huwa na hamu ya kuulizwa. Nikagundua kwamba kuwatazama watu usoni kunanipa nafuu. Nilipotafuta huzuni ya mwingine ilipo, tumbo langu liliacha kuuma, japo kwa muda wa kuandaa mkanda mmoja.

Elia ndiye aliyekuwa mgumu. Aliacha kula ugali, akawa anakula ukoko tu, na jioni alitaka kuangalia mkanda mmoja, ule ule, wa tumbili anayemwibia tajiri kofia. Nilijitahidi kumbadilishia. Nilimwekea wa wanyama, nikamwekea wa watoto wa Kichina wanaoruka juu ya mapaa. Kila mara mtu katika filamu alipobeba mzigo na kuaga, Elia aligeuka kwangu. "Huyu anarudi?" Nikisema anarudi, aliendelea kutazama. Nikisema sijui, sijaiona yote, aliinuka akatoka nje, hata kama ni katikati ya mapigano. Mwishowe nilimwachia tumbili wake. Nikaketi naye jioni baada ya jioni, na siku moja nikajikuta nami nimetulia, nikisubiri ile kofia iibwe, nikijua kabisa itaibwa na itarudishwa. Mtu mwenye hofu hataki filamu nzuri. Anataka filamu ambayo haiwezi kumfanyia chochote asichokijua. Nilianza kuwauliza wateja swali ambalo mama hakuwa nalo: "Unataka mpya, au uliyokwisha kuiona?" Yule muuguzi, ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa Vwawa siku zile, alinitazama kwa mshangao, akasema, "Niliyokwisha kuiona," na alipoipokea aliishika kifuani kwa mikono miwili.

Habari zilikuja, na afadhali zisingekuja. Dereva mmoja alituambia amemwona mama amekaa kwenye ngazi za jengo fulani, amekonda, lakini amemwamkia vizuri. Wa pili alisema baba amehamishiwa mji mwingine na hajui ni upi. Wa tatu alisema hajahamishwa. Kisha wakaingia vijana wawili wa kupakua mizigo ambao hawakujua mimi ni nani, na walipokuwa wakichagua mkanda mmoja alimwambia mwenzake kwamba yule dereva wa kichwa cha kijani habari yake imekwisha, kule ukiua mtu kwa gari unakaa mpaka watoto wanaoa. Niliwapa mkanda wao. Niliwaambia waurudishe nyuma kabla ya kuuleta, kama nilivyowaambia wote. Halafu nilikwenda nyuma ya nyumba, nikashika ukuta wa jiko na kutapika uji wote wa asubuhi. Sikumwambia Mama Rehema, wala Elia. Niliona kwamba nikilitamka litakuwa kweli. Jioni ile sikuwasha TV, nikasema deki imepata moto, na Elia akalala chini ya meza akiwa amelikumbatia kasha la tumbili.

Hali ikawa hivyo, siku zikifanana, mpaka maua ya mwembe wa jirani yalipoanza kuchomoza na upepo ukapungua makali. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Mchana mmoja lori jeupe lilisimama mbele ya nyumba, na Elia hakusimama kwa kuwa halikuwa la kijani. Mlango wa upande wetu ukafunguka, akashuka mama. Alikuwa mwembamba hivi kwamba kitenge kilimzunguka mara mbili. Nilikimbia mpaka ukingo wa barabara kisha nikasimama, kwa sababu nyuma yake mlangoni hapakuwa na mtu. Mama alinitazama, akaona ninachokitazama. Alinyoosha mkono kuonyesha upande wa pili wa lori. Nilipiga magoti barabarani nikachungulia chini ya tela, na kati ya magurudumu nikaona miguu ya baba ikishuka, mmoja, kisha kwa shida mwingine. Alikuwa ameshukia upande wa dereva kwa sababu bega lake halikuweza kushika bomba la upande huu.

Ni baadaye sana, vipande vipande, mama aliposimulia jinsi alivyompata. Alipofika kule alizungushwa kutoka ofisi hii kwenda ile na hakuna aliyekuwa na muda naye. Akaulizia alikokuwa akiishi yule marehemu. Watu walimwonya kwamba asithubutu kwenda, kwamba ndugu wa marehemu watampiga, na mwenyewe alisema alitembea njia nzima akiwa na uhakika kwamba watampiga. Alikwenda hivyo hivyo. Aliwakuta wanawake wameketi uani, akavua viatu, akakaa chini mwisho wa mkeka. Kibemba chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuliza bei, kwa hiyo alisema tu kwamba yeye ni mke wa dereva, na kwamba amekuja kulia nao. Kisha mjane, ambaye mama alisema alikuwa mdogo kuliko yeye, akasogea kumpa nafasi kwenye mkeka. Mama alikwenda tena kesho yake, na keshokutwa, akachota maji na kumenya mihogo kama wengine. Kesi ilipotajwa, mdogo wake marehemu alisimama mwenyewe akasema aliyaona yote, kwamba baiskeli iliteleza na dereva alijitupa korongoni ili kumkwepa. Alikuwa nyuma na baiskeli yake siku ile, na hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Baba alirudi, lakini si kama alivyoondoka. Alikaa chumba cha nyuma, mbali na barabara, na breki za upepo ziliposikika aliacha alichokuwa akifanya na kusubiri zinyamaze. Madereva wenzake walikuja kumpa pole na kila mmoja alikuwa na filamu ya kupendekeza. Baba Rehema alileta ngumi. Mlokole alileta mahubiri. Mama, ambaye mkono wake ulikuwa umeanza kurudi kuijua rafu, hakumpendekezea kitu. Alipita nyuma ya kiti chake akamgusa kichwa, akaendelea na kazi. Nilipata hasira kwamba yeye aliyekuwa na dawa ya kila mtu hana ya baba. Nadhani sasa alikuwa anasubiri aombe.

Aliniomba mimi. Ilikuwa Jumapili mchana, mama na Elia wako kanisani, nami nimebaki kumpikia uji. Aliingia dukani kwa mara ya kwanza tangu arudi, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Neema, una mkanda ambao hauna gari?"

Nilidhani ni swali jepesi. Nikachukua wa mapenzi, nikakumbuka kwamba wapenzi wanaimba juu ya boneti. Nikachukua wa tumbili. Tajiri anamfukuza kwa gari. Filamu ya zamani ya Kichina, yenye panga na milima, haikuwa na magari, lakini watu walikufa humo kila mara, na nilijua bila kuambiwa kwamba hilo nalo halikubaliki. Nilishusha rafu nzima, kasha baada ya kasha, na baba alinisubiri kwa upole, mkono wake mgonjwa mapajani. Nilikuwa karibu kulia. Chini kabisa nilikuta mkanda usio na picha wala kasha, umeandikwa kwa kalamu "Mpemba". Ulikuwa wa harusi. Mteja fulani alikuwa ameurudisha kwa makosa badala ya mkanda wetu, na hakuna aliyekuja kuutafuta.

Niliuweka, na kitu cha kwanza kilikuwa msafara wa magari yaliyofungwa riboni. Niliruka nikabonyeza kitufe cha kupeleka mbele, magari yakakimbia kwenye skrini kama sisimizi, nikaachia walipofika uani. Kuanzia hapo ni wanawake wa Mpemba, waliovaa sare ya kitenge cha njano, wakiingia mstari mmoja na masufuria, vikapu, godoro jipya, wakicheza taratibu kama vile godoro halina uzito. Mpiga picha alikuwa anajifunza, alikata watu vichwa. Bwana harusi aliogopa kutabasamu. Mzee mmoja aliyezidiwa na furaha alikuja kutoa zawadi ya kiti, akakikumbatia, akacheza nacho mpaka bibi harusi mwenyewe akainamisha kichwa kuficha kicheko. Nikasikia sauti nyuma yangu. Baba alikuwa anacheka, kwa shida, ameshika mbavu.

"Hawa ni akina nani?" aliuliza.

"Siwajui, baba. Ni wa Mpemba."

"Wanaonekana watu wazuri."

Mama alipotoka kanisani alitukuta tumeketi hivyo. Alisimama mlangoni na Biblia yake kwapani, akamtazama baba, akautazama mkanda, kisha akaja kukaa sakafuni karibu na deki na kuniondolea mkono kwenye kitufe, akaweka wake. Baba aliiangalia harusi ile wiki nzima. Alijua majina ya wajomba. Alibishana na Mama Rehema kuhusu nani ni dada wa nani. Mwenye mkanda alipokuja hatimaye kuulizia, akiwa ndiye bibi harusi mwenyewe, mjamzito sasa, baba alitoka chumbani akamsalimia kama binti wa ndugu yake, akamwuliza hali ya mzee wa kiti. Yule dada alitutazama mmoja mmoja bila kuelewa, akasema mzee hajambo. Baba hakuendesha gari tena maishani mwake. Alilima mahindi na maharage, na aliishi nasi miaka mingi.

Chumba kile sasa kimepangishwa kijana anayetuma pesa kwa simu, na ukuta haukumbuki rafu. Elia ni dereva. Hakuna aliyeweza kumzuia, na njia yake ni ile ile. Kwenye simu yake ana kadi ndogo kama ukucha yenye filamu nyingi kuliko duka zima la mama, madereva huzirushiana kwenye foleni, na hakuna anayemwuliza amekula nini kabla hajachagua. Kama baba angekuwa na simu tungejua siku ile ile. Najiambia hivyo mara nyingi. Lakini hofu ya mama ilikuwa moja, ndefu, yenye mwanzo na mwisho; yangu ni ya vipande. Elia hapatikani, nusu saa, anapatikana, alikuwa kwenye bonde lisilo na mtandao. Kesho yake hapatikani tena. Naogopa mara nyingi kuliko alivyoogopa mama, na kwa sababu ndogo zaidi, na sijui kama hayo ni maendeleo.

Nimeshapita umri aliokuwa nao mama wakati ule. Mwezi uliopita, tukichambua maharage huko kwake, nilimwuliza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: zile jioni za kule Zambia, peke yake, alikuwa anaangalia nini. Alisema nyumba aliyofikia ilikuwa na TV, na wenyeji wake, watu wakarimu, walimwita kila jioni sebuleni akae nao. Akakaa. Lugha hakuifuata, na picha zenyewe hakuziona.

"Sasa ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nawatazama wao," alisema, akitupa punje iliyooza. "Wakicheka, nacheka. Ili mtu asije akaniuliza nina nini."